Pikapu ya Gitaa la Zamani Ikififia: Tafuta Hitilafu kwa Utaratibu

Gitaa la umeme la miaka ya 1950, 1960 au 1970 likianza kutoa sauti hafifu, wa kwanza kulaumiwa huwa pikapu. Fundi anaitwa, pikapu inang'olewa, waya wake wa asili unafumuliwa na kuwaindiwa upya, kisha gitaa linarudi kwa mwenyewe na bado linanong'ona. Kumbe kosa lilikuwa kwenye swichi yenye kutu au kwenye waya wa kuunganishia amplifaya. Hapo hasara ni mbili: tatizo limebaki, na sauti ya asili ya gitaa imeondoka moja kwa moja.

Mwongozo huu unafuata kanuni moja: anza nje, malizia ndani. Kagua kwanza kile ambacho ni rahisi kukifikia na rahisi kukibadilisha. Usiguse koili ya pikapu mpaka vipimo vimekuthibitishia kwamba ndiyo mgonjwa. Mfano mkuu hapa ni Fender Stratocaster ya miaka ya 1960, na Gibson itatajwa pale inapotofautiana. Ukiwa na gitaa la Kijapani au la Kijerumani la enzi hizo, hatua ni zilezile, ila vipimo vyake vitakuwa vingine.

Utahitaji multimita ya kawaida, bisibisi ndogo, rula yenye milimita, waya wa gitaa unaouamini, sprei ya kusafishia kontakti za umeme, na baadaye pasi ya kulehemia. Uwe pia na daftari na simu ya kupigia picha.

Ujue unachokikagua

Pikapu ya Stratocaster ina vijiti sita vya sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Vijiti hivyo vimezungushiwa waya wa shaba wenye unene wa takriban milimita 0.06, mwembamba kama unywele, mizunguko ipatayo 8,000. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku unabadilika na umeme mdogo unazaliwa ndani ya koili. Umeme huo unapita kwenye swichi, kwenye voliumu na toni, kwenye jeki, kisha unaingia kwenye waya mpaka kwenye amplifaya.

Pikapu za hambaka za Gibson, zilizobuniwa na Seth Lover na kuanza kufungwa kwenye magitaa mwaka 1957, zina koili mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikiwa na mizunguko ipatayo 5,000. Koili hizo hufuta mvumo wa umeme unaosikika kwenye pikapu za koili moja.

Umeme unaotoka kwenye pikapu ni sehemu tu ya volti moja. Kwa sababu hiyo kutu kidogo, lehemu iliyolegea au kontakti yenye uchafu, mahali popote kwenye njia hiyo ndefu, hutosha kuumeza. Ndiyo maana koili huwa ya mwisho kushukiwa.

Hatua ya 1: Liondoe gitaa lenyewe kwenye lawama

Chukua gitaa jingine unalojua ni zima. Lichomeke kwenye amplifaya ileile, kwa waya uleule. Likisikika dhaifu nalo, gitaa lako halina kosa. Badilisha waya, kisha jaribu amplifaya nyingine.

Angalia pia umechomeka wapi. Amplifaya nyingi za Fender za zamani zina matundu mawili kwa kila chaneli. Tundu namba 2 likitumika peke yake hupunguza mawimbi kwa desibeli 6, yaani hubaki nusu ya volti iliyoingia. Mtu aliyezoea namba 1 akichomeka namba 2 anaweza kudhani pikapu imekufa.

Waya mrefu sana nao hula sauti kali za juu na kulifanya gitaa lionekane limechoka. Kwa majaribio haya tumia waya mfupi, wa mita tatu au nne.

Onyo: amplifaya ya valvu ina umeme wa mamia ya volti ndani yake, na sehemu ya umeme huo hubaki kwenye kapasita hata baada ya kuizima na kuichomoa. Usiifungue kama hukufundishwa kazi hiyo.

Hatua ya 2: Kagua nyuzi

Pikapu ya sumaku inasikia tu metali inayovutwa na sumaku. Nyuzi za gitaa la kawaida lisilo la umeme mara nyingi huwa zimevishwa shaba nyeusi, na shaba hiyo haivutwi na sumaku. Kinachosikika ni kiini chembamba cha chuma kilicho ndani. Ukizifunga kwenye gitaa la umeme, nyuzi nene za besi zitakuwa dhaifu na zile nyembamba zitapiga kelele. Mtu akikuambia pikapu yake imepoteza besi, muulize kwanza amefunga nyuzi za aina gani. Funga nyuzi mpya zilizovishwa nikeli au chuma, halafu sikiliza tena.

Kuna jambo jingine kwenye magitaa ya zamani. Stratocaster za miaka ya 1950 na 1960 zina vijiti vya sumaku visivyolingana urefu. Kijiti cha uzi wa tatu kimeinuka sana kwa sababu zama hizo uzi wa tatu ulikuwa mnene, wenye kuvishwa. Leo wengi wetu tunafunga uzi wa tatu ulio mtupu, kwa hiyo unapiga juu sana na uzi wa pili unaonekana umezama. Huo si ugonjwa. Kamwe usijaribu kuusawazisha kwa kusukuma kijiti chini. Kwenye pikapu za Fender za zamani waya wa koili umezungushwa moja kwa moja juu ya vijiti hivyo, na kijiti kikisogea kidogo tu kinaweza kukata waya wa ndani kabisa.

Hatua ya 3: Pima kimo cha pikapu

Pikapu iliyo mbali na nyuzi hutoa sauti ndogo. Kwenye gitaa lililokaa miongo kadhaa, springi au mipira iliyo chini ya pikapu huchoka, na pikapu inazama polepole bila mtu kutambua.

Bonyeza uzi mnene kabisa kwenye freti ya mwisho, kisha pima kutoka juu ya kijiti hadi chini ya uzi. Fanya hivyo hivyo kwa uzi mwembamba kabisa. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani, anzia milimita 2.4 upande wa nyuzi nene na milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba. Kwa hambaka, anzia milimita 2.4 shingoni na milimita 1.6 kwenye daraja. Kisha inua au shusha kwa robo ya mzunguko wa skrubu, ukisikiliza kila mara.

Usiinue mpaka mwisho ili kupata nguvu. Sumaku ya alniko iliyo karibu mno huuvuta uzi, na noti za juu kwenye nyuzi nene hupoteza tyuni na kuanza kutetema vibaya. Kama skrubu inazunguka lakini pikapu haipandi, badilisha springi au mpira. Ni ukarabati wa bei ndogo kuliko yote yaliyomo humu.

Hatua ya 4: Sikiliza kila pikapu peke yake

Weka voliumu na toni mwisho. Chagua pikapu moja moja kwa swichi. Gonga kila kijiti taratibu kwa ncha ya bisibisi ndogo ya chuma na usikilize mlio kwenye amplifaya, sauti ikiwa chini.

Pikapu zote zikiwa dhaifu kwa kiwango kimoja, hitilafu iko mahali zinapokutana: voliumu, jeki au waya unaokwenda kwenye jeki. Si kawaida koili tatu kuugua kwa pamoja. Ikiwa moja tu ndiyo dhaifu, tatizo liko kwenye pikapu hiyo, kwenye kontakti yake ya swichi au kwenye waya wake.

Kila moja ikiwa na nguvu peke yake, lakini mbili zikiwashwa pamoja sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ndogo, basi pikapu hizo zinafutana. Hutokea pale pikapu moja ilipobadilishwa au kulehemiwa upya huku nyaya zake zimegeuzwa. Ukibadilishanisha nyaya mbili za mojawapo kwenye viungo vyake, sauti hurudi. Ila kama pikapu hiyo ina kifuniko au bamba la chuma lililounganishwa na waya wa ardhi, tenganisha kwanza kiungo hicho na ukipe ardhi kwa waya wake pekee.

Sasa shusha toni hadi sifuri. Sauti inapaswa kuwa nzito na ya giza, lakini isikike. Ikizimika kabisa, kapasita ya toni imeungana ndani kwa ndani na inamwaga mawimbi yote ardhini. Kapasita mpya ni ya bei ndogo. Ile ya zamani ihifadhi kwenye bahasha.

Kuwa mwangalifu usiite asili kosa. Kwenye Stratocaster za zamani, pikapu ya daraja haikuunganishwa na toni yoyote, kwa hiyo ukali wake haupungui hata ukizungusha. Telecaster za Fender za kabla ya 1967 zina nafasi moja ya swichi ambapo pikapu ya shingoni hupitishwa kwenye kapasita inayoondoa karibu sauti zote za juu. Inasikika kama imefunikwa blanketi, na ndivyo kiwanda kilivyokusudia.

Hatua ya 5: Pima bila kufungua chochote

Hapa multimita inaanza kazi. Chomeka waya kwenye gitaa na uache ncha ya pili wazi. Voliumu na toni ziwe mwisho. Weka multimita kwenye kiloomu 20, gusisha ncha moja ya mita kwenye nundu ya mwisho ya plagi na nyingine kwenye shina lake. Usishike ncha zote mbili kwa vidole, kwa sababu mwili wako nao utapimwa. Andika kipimo cha kila pikapu.

Stratocaster nzima ya miaka ya 1960 husoma kati ya kiloomu 5.5 na 6.5. Hambaka za Gibson, na pikapu zake za koili moja ziitwazo P-90, husoma takriban 7 hadi 9. Kumbuka hali ya hewa: ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Pikapu inayosoma 6.0 katika nyuzi 20 itasoma karibu 6.3 katika joto la nyuzi 32 la mchana wa Dar es Salaam au Mombasa. Usiogope tofauti hiyo, na usilinganishe vipimo vya asubuhi ya Iringa na vya alasiri ya Tanga.

Soma majibu hivi:

- Kipimo cha kawaida, lakini sauti dhaifu: tafuta kwenye swichi, jeki, voliumu, kimo na sumaku.
- Mita inaonyesha imezidi kiwango. Ukiiweka kwenye megaomu 2 inasoma karibu kiloomu 250: hiyo ni voliumu yenyewe unayoipima. Koili imekatika, au waya wake umeachia. Pikapu ya namna hii inaweza bado kutoa sauti nyembamba isiyo na besi, na ndiyo maana wengi huiita dhaifu badala ya kusema imekatika.
- Sifuri au karibu na sifuri: mawimbi yanagusana na ardhi mahali fulani.
- Kipimo kinachorukaruka ukitikisa swichi au waya: lehemu mbovu au kutu.
- Hambaka inayosoma nusu ya kawaida: koili moja imeunganishwa na ardhi na haifanyi kazi.
- Pikapu ya koili moja inayosoma chini sana, kwa mfano 3 badala ya 6: varnishi ya waya imeharibika na mizunguko inagusana.

Jambo moja la kuzingatia: ukinzani si kipimo cha nguvu ya pikapu. Mizunguko michache ikigusana, mita inaweza kuonyesha tofauti ndogo sana huku sauti imeshuka vibaya. Mita inakusaidia kupata waya uliokatika na viungo vilivyogusana. Masikio yako ndiyo yanayokamilisha hukumu.

Hatua ya 6: Fungua, piga picha, safisha

Legeza nyuzi, fungua skrubu za bamba la mbele linaloshikilia pikapu na uligeuze taratibu bila kuvuta nyaya. Piga picha za kila kiungo kabla ya kugusa chochote.

Anza na swichi na jeki. Hewa ya pwani ina chumvi, jasho la mpigaji nalo lina chumvi, na kontakti za shaba hupata kutu ya kijani. Pulizia sprei ya kontakti kidogo, kisha zungusha voliumu na sogeza swichi mara nyingi. Usitumie mafuta ya cherehani wala petroli: mafuta hukusanya vumbi, na petroli huharibu plastiki na rangi za zamani. Kaza ulimi wa jeki ushike plagi barabara.

Kama kuna mtu aliyebandika karatasi ya alumini au shaba kuzuia mvumo, hakikisha haigusi kiungo cha mawimbi kwenye jeki au swichi. Magitaa ya Gibson ya zamani yana waya wenye vazi la chuma lisilofunikwa; vazi hilo likigusa mahali pasipostahili, sauti inakufa.

Angalia voliumu. Stratocaster inahitaji kiloomu 250, na Gibson za hambaka kwa kawaida 500. Wakati mwingine fundi wa redio aliweka iliyokuwapo dukani, ya kiloomu 10 au 50, na hiyo humeza sauti za juu na nguvu pia. Ili kuipima kwa usahihi, tenganisha kwanza nyaya za pikapu. Ukikuta voliumu ya asili ni nzima, iache. Namba zilizopigwa mgongoni mwake ni kumbukumbu: 1376632, kwa mfano, inaeleza kwamba ilitengenezwa na kampuni ya CTS wiki ya 32 ya mwaka 1966. Kuitupa ni kutupa ushahidi wa umri wa gitaa lako.

Lehemu iliyopauka, yenye ufa au iliyokaa juu kama tone bila kushikana na waya, iyeyushe upya kwa muda mfupi na uongeze lehemu mpya kidogo.

Hatua ya 7: Koili na sumaku

Ukifika hapa bila jawabu, tenganisha waya wa mawimbi wa pikapu na uipime peke yake. Ikiwa imekatika, usikate tamaa mapema. Chini ya pikapu za Fender kuna vijitundu viwili vya chuma ambapo waya mwembamba wa koili unakutana na waya mnene. Mara nyingi kutu hula hapo. Yeyusha lehemu ya vijitundu hivyo kwa uangalifu na upime tena. Kama mkato uko kwenye mzunguko wa nje wa koili, fundi mwenye kioo cha kukuza na mkono mtulivu anaweza kuondoa mizunguko michache na kulehemu upya. Kupoteza mizunguko kumi kati ya 8,000 hakusikiki.

Sumaku za alniko hazifi kwa uzee tu. Hudhoofishwa na sumaku nyingine zenye nguvu, hasa spika kubwa, au na mtu aliyezichezea. Zilinganishe: shikisha kipande kidogo cha chuma kwenye kila kijiti na uone kama kimoja kinashika kwa ulegevu kuliko vingine, au kama pikapu moja inashika dhaifu kuliko zenzake. Kuchaji sumaku upya kunawezekana, lakini kazi hiyo mpe fundi anayejua kutambua ncha ya kaskazini na ya kusini ya pikapu yako, kwa sababu zikigeuka pikapu itafutana na zenzake.

Ikibidi kuwaindi upya

Kama koili imekatika katikati au mizunguko yake inagusana ndani, kuwaindi upya ndiyo njia pekee ya kuirudisha. Fundi wa kuwaindi mota ana ujuzi wa waya, lakini mota hutumia waya mnene; usimkabidhi pikapu yako mpaka akuonyeshe waya wa milimita 0.063 au unaokaribiana nao, mashine yenye kuhesabu mizunguko, na namna ya kuuzuia usikatike.

Mpe masharti haya kwa maandishi: unene uleule wa waya, mwelekeo uleule wa kuzungusha, idadi ya mizunguko ya awali kadiri inavyoweza kujulikana, na vijiti vya sumaku visiguswe. Mwambie akurudishie kila kilichotoka, hata waya uliokatika. Iwapo gitaa lina thamani kubwa, afadhali ununue pikapu mpya ya kupigia kazini na uitunze ya asili salama, mbali na unyevu na sumaku, mpaka umpate fundi anayestahili.

Mwisho, andika kwenye daftari tarehe, hali ya joto, kipimo cha kila pikapu, kimo chake na kila ulichobadilisha, kisha uliweke daftari hilo ndani ya kasha la gitaa. Magitaa haya yameshapita kwenye mikono mingi na yatapita kwenye mingine baada ya yetu. Pima kwanza, lehemu baadaye, na usimruhusu mtu yeyote kufumua koili ya asili kabla hajakuonyesha kwenye mita kwamba imekufa.